Lenzi ya Ukoo Mwingine

Lenzi yangu ya kwanza ilifia ndani ya karai la kuogeshea mtoto.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, karani wa kupiga chapa mjini siku za kazi, na Jumamosi na Jumapili nilikuwa mpiga picha wa mtaa wetu wa Ziwani. Hilo jina la mpiga picha nilijipa mwenyewe. Nilichokuwa nacho ni kamera ya mitumba, nzito kama kufuli la godauni, pamoja na tabia moja mbaya: nilipenda sana kuichomoa lenzi yake na kuirudisha mbele za watu. Kamera nyingi za mtaani wakati ule zilikuwa visanduku vya plastiki visivyochomoka kitu. Yangu ilichomoka. Kwa hiyo niliichomoa baada ya ibada, niliichomoa mferejini tukipanga foleni ya maji, niliichomoa hata nikisubiri uji upoe, ili mradi mtu aulize, "Kwani hiyo inatoka?" nami nijibu kama mtu aliyechoshwa na elimu yake, "Za kitaalamu zote zinatoka."

Basi jirani akaniita nimpige picha mwanawe akioga. Mtoto alikuwa amekaa karaini, povu mpaka kidevuni, anacheka na ufizi wake wote. Nikainama juu yake. Lenzi, ambayo asubuhi ile nilikuwa nimeichomoa kwa maringo na kuirudisha bila kuikaza, ikaniaga. Ilitumbukia katikati ya miguu ya mtoto, naye akaiwahi kabla yangu akaanza kuitafuna.

"Si ulisema za kitaalamu zinatoka?" mama yake akauliza. Hakuwa akinicheka. Alidhani ni sehemu ya kazi.

Niliianika juani, nikaifunga kwenye gunia la mchele, nikaipulizia. Ndani ya vioo ulibaki ukungu wa sabuni, na kila nilipochungulia niliona dunia kama imetoka kuoga. Nikaipeleka kwa fundi wa kamera mjini, mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kipajini. Aliigeuza, akainusa, akanirudishia.

"Dada, hii sasa ni ya kuzuilia mlango."

"Na nikipata nyingine?"

"Utafute ya kampuni hiihii. Ya kampuni nyingine haikai. Midomo yao haifanani."

Sikupata ya kampuni hiihii. Nilichopata, kwenye soko la mitumba la Gikomba, chini ya redio zilizokufa na pasi za makaa, ni lenzi ndefu nyeusi ya kampuni nyingine kabisa, kampuni kubwa ambayo jina lake hata watoto walilijua. Ilikuwa safi. Vioo vyake viling'aa rangi ya zambarau kama mafuta juu ya maji. Ilikuwa na urefu wa chupa ndogo ya chai, na nilipoishika nilihisi mkono wangu umepandishwa cheo.

"Sista, hiyo ni ya kuvuta mbali," muuzaji akaniambia. "Mtu akiwa ng'ambo ya barabara unamhesabia vifungo vya shati."

"Mbona hujaiuza?"

"Kila mtu anayekuja ana kamera ya aina nyingine. Kama wewe."

Mtu mwenye akili angelisikia hilo na kwenda zake. Mimi nilisikia tu sehemu ya vifungo vya shati.

Siku hizi naona watu wenye kamera za dijitali wakifunga lenzi kuukuu za kampuni nyingine kwa pete ya chuma inayouzwa tayari, wakibofya mara moja na kuanza kazi. Huwa nawaangalia kwa wivu. Wakati ule, kama pete hiyo ilikuwepo duniani, haikuwa imefika Nairobi, au ilikuwa imefika na haikupitia Ziwani. Ikabidi niwe mvumbuzi.

Baba yangu alikuwa mchongaji, kama baba yake na kama nusu ya wanaume wa kijijini kwao Ukambani. Alichonga twiga, vifaru na vijiko vya saladi vya kuwauzia watalii. Nilimpelekea kamera na lenzi pale alipokuwa akichongea, nikampa na vifuniko viwili vya plastiki, kimoja cha kuziba mdomo wa kamera na kingine cha kuziba nyuma ya lenzi. Wazo langu, ambalo niliamini halijawahi kumjia binadamu mwingine, lilikuwa kutoboa vifuniko vyote viwili katikati, kisha kuvigandisha kwa gundi pande mbili za pete ya mti. Upande mmoja ungeingia kwenye kamera, upande wa pili ungeishika lenzi.

Baba alipendezwa. Hakuna mtoto wake mwingine aliyewahi kumhitaji kikazi.

"Nyembamba itapasuka," akasema. "Niifanye nene?"

"Nene ndiyo nzuri, Baba."

"Nene kama kidole?"

"Hata kama kidole gumba. Muhimu isitikisike."

Hakuna kati yetu aliyejiuliza kama lenzi ina neno lolote la kusema kuhusu umbali wake na kamera. Tulikuwa kama watu wanaoshona kanzu bila kumpima mvaaji. Baba aliichonga pete kwa mti mweusi mgumu, akaisugua mpaka ikateleza, na kwa kuwa hakujua kuacha kitu bila kukipamba, akachonga twiga wadogo wakifukuzana kuizunguka. Nilipoiona nilitaka kumwambia kamera haina haja ya twiga. Lakini alikuwa akinitazama usoni kungoja nifurahi, nikafurahi.

Majaribio nilifanyia nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, upande ule wanalala wazazi, upande huu ni sebule, jikoni na chumba changu, vyote kwa pamoja. Nilikaa kitandani nikamlenga Mama akichambua maharagwe. Nilizungusha lenzi taratibu, na uso wake ukaibuka kutoka kwenye ukungu kama mtu anayetoka gizani kuja mlangoni: kope, kovu dogo la utotoni juu ya nyusi, hata punje ya jasho. Nikalenga taa ya mafuta. Safi. Nikalenga kalenda ukutani. Nikasoma mpaka jina la kiwanda kilichoichapisha.

"Inaona!" nikapiga kelele.

"Si ndiyo kazi yake?" Mama akasema, akitupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagwe.

Sikutoka nje kuijaribu. Sijui kwa nini. Nadhani mtu akishasikia "ndiyo" hatafuti sauti nyingine. Nilitoka nje, ndiyo, lakini kwa ajili ya kuonekana. Nilitembea mtaani na lenzi imenitangulia kifuani kama pua ya kiongozi, na twiga wangu wakiota jua. Vijana waliokaa kwenye ukuta wakaniita, "Niaje, Sista Kamera! Hiyo ni kitu gani, bazuka?" Nikawajibu kwamba wao hawawezi kuelewa.

Ndipo kazi ya harusi ikanipata. Kulikuwa na mama mmoja kutoka magharibi ya nchi ambaye zamani tulipakana naye mlango kwa mlango, mumewe akiwa mfanyakazi wa kiwandani. Mume alipopandishwa kazi walihamia Donholm, kwenye nyumba yenye ngazi ndani. Binti yao, ambaye utotoni tulikuwa tukiruka kamba pamoja, alikuwa anaolewa kanisani Buruburu. Mama yake alikuja Ziwani mwenyewe kuniona.

"Mwanangu, wapiga picha wa studio wanajidai sana," akaniambia. "Nimesikia una kamera ya maana."

Nikaiweka mezani mbele yake. Akaitazama kwa muda.

"Hawa ni ng'ombe?"

"Ni twiga, Mama."

"Basi utuletee picha za twiga hawa," akasema, akacheka, na tukakubaliana.

Siku ya harusi nilifika mapema, nimevaa suruali ya kitambaa na koti la kaka yangu, na begi ambalo ndani yake mlikuwa na mikanda mitatu ya filamu na mkate. Nikasimama mbele kabisa, karibu na madhabahu. Kinanda kikaanza. Watu wote wakageuka kuutazama mlango mkubwa wa nyuma, na mimi nikainua kamera yangu nimnase bibi harusi anapoingia.

Nikaona wingu jeupe.

Nikazungusha lenzi. Wingu likawa kubwa zaidi. Nikazungusha upande wa pili mpaka ikagota. Wingu likapungua kidogo, likaanza kutembea kuelekea kwangu. Nikadhani kioo kina vumbi, nikakifuta kwa koti la kaka yangu. Nikadhani ni jicho langu, nikabadilisha jicho. Wingu lilikuwa likija tu, na pembeni yake wingu jingine la rangi ya kijivu, ambalo bila shaka lilikuwa baba mzazi. Lilipokuwa karibu kabisa nami, kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikamshika mtu bega kwa kuongeza hatua moja, ghafla uso wa rafiki yangu ukachomoza, mzuri, mkavu, kila unywele wa kope mahali pake.

Pale pale, mbele ya kanisa zima, nikaelewa. Lenzi yangu ya kuvuta mbali ilikuwa haioni mbali. Baadaye sana mtu aliyejua mambo hayo alinieleza kwamba lenzi lazima ikae umbali uleule iliyotengenezewa, na ukiisogeza mbele, hata kwa unene wa kidole, inakuwa kama mtu asiyeona kitu kisipokuwa chini ya pua yake. Siku ile sikujua sababu. Nilijua tu kwamba kila kitu kilichozidi hatua tatu kutoka kwangu hakikuwepo duniani, na kwamba chumba chetu cha Ziwani hakikunipa nafasi ya kuligundua hilo.

Mtu mwenye haya angejiangusha azimie. Nilifikiria. Lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

Nikaamua kukaa karibu. Bibi harusi alipopanda madhabahuni, nilirudi kinyumenyume mbele yake, pua kwa pua. Walipovishana pete nilikuwa katikati yao kama mtoto wa ndoa. Walipopiga magoti nami nilipiga magoti. Mchungaji akanyamaza katikati ya maombi, akafungua jicho moja.

"Dada yetu wa picha," akasema kwa upole kupitia kipaza sauti, "tunaomba maharusi waonekane na washirika pia."

Kanisa zima likacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa ndivyo anavyofanya mtu asiye na hatia.

Huko nje kukawa na balaa zaidi. Upande wa bwana harusi alikuwepo binamu mmoja mrefu aliyekuja na kimoja cha vile visanduku vya plastiki. Kila nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, anabofya. Ningekuwa na akili ningempigia magoti. Badala yake nilimwambia, mbele ya watu, "Kaka, samahani, unaniharibia mwanga. Hii ni kazi ya kitaalamu." Akaomba msamaha, maskini, akaenda kusimama mbali kule kwenye ua, na kuendelea kubofya kwa kuibia.

Kisha ukafika wakati wa picha ya ukoo. Walijipanga mbele ya kanisa, safu kwa safu, wazee kwenye viti, watoto chini, kina mama wamevaa vitenge sare. Nikachungulia. Bustani ya maua iliyonyeshewa mvua. Nikasogea mpaka nikawaona vizuri; nikamwona mjomba mmoja na nusu.

"Leo tutatumia mtindo mpya," nikatangaza. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza. "Huko Ulaya watu hawapigwi kwa mafungu tena. Ni mmoja mmoja."

Wakatazamana. "Wote hawa?" mama wa bibi harusi akauliza.

"Kila mtu ana uso wake, Mama."

Wakapanga foleni. Wakawa wanapita mbele yangu mmoja baada ya mwingine, wananikazia macho, nabofya, wanaondoka. Mzee mmoja alipofika akavua kofia na kuuliza, "Kitambulisho chenyewe kitachukua muda gani kutoka?" Watoto wawili walilia wakidhani ni sindano. Nyanya wa bibi harusi, aliyesafiri usiku kucha kwa basi kuja harusini, alikataa kusimama kwenye foleni yoyote. "Foleni nilizisimamia za kutosha ujanani," akasema. Nikamfuata alipokuwa, chini ya hema, akitafuna nyama kwa utaratibu wa mtu asiye na meno mengi. Akaniangalia bila kutabasamu, bila kuacha kutafuna, nikambofya.

Keki nilipiga kisu na vidole vinne. Zawadi nilipiga kona ya sufuria.

Picha zilipotoka kuoshwa nilizitazama nikiwa nimesimama mlangoni pa duka. Zilikuwa nyuso. Nyuso tupu. Nyuso zilizojaa karatasi kutoka kidevu hadi nywele, na nyuma yake ukungu. Hapakuwa na gauni. Hapakuwa na kanisa, gari lililopambwa, wala viatu vyeupe ambavyo rafiki yangu alivitafuta mwezi mzima. Nilienda nyumbani nikamwambia Mama kwamba mtu yeyote akija aseme nimesafiri.

"Kwenda wapi?"

"Popote."

Mama wa bibi harusi alipobisha, Mama yangu alimfungulia, akamkaribisha chai, akasema, "Yuko nyuma ya pazia."

Nikatoka. Nikampa bahasha. Alizipitia picha polepole, akizipanga juu ya kitambaa cha meza, na kadiri alivyopanga ndivyo alivyokunja uso. Mwisho akaniangalia.

"Mwanangu, gauni liko wapi?"

Nikaanza kukunja kona ya kitambaa cha meza.

"Lilikuwa na mkia wa kufagia kanisa zima. Na miguu? Bwana harusi alikuja na miguu. Nilimwona kwa macho yangu."

"Lenzi ilikataa kuona mbali," nikasema. Nilikuwa nimejiandalia maneno kuhusu Ulaya, lakini hayakutoka.

Akapumua. Nilisubiri anitukane, ningeona nafuu. Badala yake akafungua mkoba wake, akatoa bahasha nyingine. "Basi njoo uone hizi. Zimeletwa jana na yule binamu uliyemfukuza."

Binamu alikuwa amepiga kila kitu. Gauni na mkia wake, gari na riboni zake, safu za ukoo moja baada ya nyingine, vitenge, viatu. Alikosa kitu kimoja tu. Kwa sababu ya urefu wake, au kijidirisha cha ile kamera yake, au kwa sababu ya woga niliomtia, kila picha aliikata shingoni. Hapakuwa na kichwa hata kimoja. Ukoo mzima ulikuwa umesimama mbele ya kanisa la Buruburu bila vichwa, umepanga mikono kwa heshima.

Mama yangu ndiye aliyeanza. Alitoa sauti kama sufuria inayochemka, akaziba mdomo kwa leso. Mama wa bibi harusi akamtazama, akautazama ukoo wake usio na vichwa, akazitazama nyuso zangu mezani, na akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Vichwa viko Ziwani," akasema, akifuta machozi, "na viwiliwili viko kwa binamu!" Wakacheka wote wawili kwa muda mrefu, mimi nimesimama pale kama kuni. Kisha wakavuta viti wakaanza kulinganisha: koti hili ni la nani, kitenge hiki kimekaa kwenye shingo gani.

Albamu ilitengenezwa hivyo. Ukurasa wa kushoto watu wa binamu, ukurasa wa kulia nyuso zangu, zimepangwa kwa mfuatano uleule wa safu. Nasikia wageni waliofika Donholm walipewa albamu hiyo kabla ya chai. Nilipewa jina jipya, Wa Vichwa, na lilifika hadi ofisini kwangu mjini bila mimi kulipeleka.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba watu walianza kuja. Si wa harusi. Wa harusi walipita ng'ambo ya barabara wakiniona. Walikuja waliotaka uso. Mama wa Donholm aliikuza ile picha ya nyanya akitafuna, akaitundika sebuleni juu ya redio, na kila aliyeiona alisema ni yeye mwenyewe hasa, amekaa anakutazama na hana haraka na wewe. Basi mtu akaniletea babu yake, mwingine mtoto mchanga, mwingine akataka tu apigwe yeye mwenyewe. Niliwakalisha kitandani kwangu, karibu na dirisha, pazia likiwa nyuma yao. Nilitaka kuamini kwamba ni kipaji. Lakini kila nikitaka kuamini hivyo nilikumbuka kwamba hata ningetaka kupiga kitu kingine nisingeweza.

Hatimaye nilipata lenzi ya kampuni hiihii, fupi, ya kawaida, isiyo na maringo, nikaikaza kila asubuhi na kila jioni. Ile ndefu nikamuuzia mwalimu mmoja wa Buruburu aliyekuwa na kamera ya kampuni ya lenzi hiyo. Tulikutana uani kwake. Aliitia kwenye kamera, ikalia tik, bila gundi, bila pete, bila jasho. Sijawahi kusikia sauti iliyonidharau kiasi kile.

"Hebu tazama," akasema, akanipa.

Nikainua. Mbali kule, baada ya safu tatu za nyumba, palikuwa na mwanamke kwenye roshani akianua nguo, kibanio kiko mdomoni. Nilikiona kibanio. Nilikiona kuwa ni cha mti na kwamba kimepasuka upande mmoja. Aligeuza uso upande wetu, na nusura nimsalimu.

"Vipi, ina tatizo?" mwalimu akauliza, maana nilikuwa bado sijaishusha kamera jichoni.

"Haina," nikamwambia. "Haijawahi kuwa nalo."

Nikamrudishia kamera yake, na alipoanza kukipangusa kioo kwa ncha ya shati, nikatoa kitambaa laini kwenye mkoba wangu nikampa.